Kompyuta Ijizimayo: Ushahidi wa Mashine na Haraka ya Mafundi

Kasoro ya kompyuta mpakato kujizima au kujiwasha upya pasipo idhini ya mwenyewe ina taabu yake ya pekee, nayo ni kwamba fundi aghalabu haioni ikitendeka. Yeye huletewa mashine ambayo saa ile yafanya kazi sawasawa, pamoja na maneno ya mteja aliyekwisha kukata tamaa, na katika hayo mawili hutakiwa atoe hukumu. Ndiyo maana imekuwa desturi katika vibanda vingi vya ufundi, Kariakoo hata Mombasa, kuikimbilia dawa moja kwa kila kadhia: kupiga Windows upya. Rai yangu ni kwamba desturi hii, hata pale inapoelekea kufaulu, humdhulumu mteja, kwa kuwa hufuta kwa mkono wa fundi mwenyewe ushahidi wote ambao mashine iliuandika kabla ya kuanguka.

Chukua kompyuta ya chama kimoja cha akiba na mikopo mjini Tanga, iliyokuwa ikitumiwa na katibu kwa hesabu za wanachama. Ilikuwa imekwisha kupigwa Windows mahali pengine, ikatulia kwa muda, kisha ikarejea tabia yake ile ile. Kabla ya kugusa skrubu hata moja, katibu aliulizwa mambo ambayo kila fundi apaswa kuyauliza: je, mashine huzima ikabaki imezima, au hujiwasha yenyewe? Hutokea ikiwa kwenye chaja, au hata ikitumia betri? Hutokea ikiachwa tu, au ikilemewa na kazi? Akajibu kwamba rangi ya bluu hupita katika skrini mfano wa kufumba na kufumbua, kisha mashine hujiwasha; na kwamba mara nyingi huwa amefungua faili kubwa la hesabu pamoja na kurasa kadha wa kadha za intaneti.

Jibu hilo lilikuwa na thamani kubwa, walakini neno la mtu sharti lithibitishwe na maandishi ya mashine. Windows huweka daftari la matukio, liitwalo Event Viewer, na humo kila kuzima kwa ghafla huandikwa kwa namba 41, chini ya jina la Kernel-Power. Hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea. Wakiliona neno hilo la nguvu ya umeme huhukumu mara moja kwamba chaja ni mbovu au betri imekufa, wakamnunulisha mteja vitu asivyovihitaji. Ilhali andiko lile halisemi zaidi ya kwamba mashine iliwaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Habari yenyewe imo ndani, katika maelezo ya tukio, ambamo kuna sehemu iitwayo BugcheckCode na nyingine iitwayo PowerButtonTimestamp. Ikiwa hiyo ya pili si sifuri, basi yaelekea mtu alikibana kitufe cha kuwashia mpaka mashine ikazima, na hapo swali hugeuka: kwa nini iliganda hata akalazimika kufanya hivyo? Ikiwa zote mbili ni sifuri, mashine ilikatika bila kupata wasaa wa kuandika neno, na ukimya huo nao ni ushahidi, maana Windows ikianguka kwa kosa lake au la draiva hujitahidi kuacha namba.

Kwa ukimya wa namna hiyo washukiwa wa kwanza ni joto na umeme. Katika pwani yetu joto lina msaidizi, ambaye ni vumbi lililochanganyika na unyevu wa hewa ya bahari. Hujikusanya baina ya feni na mapezi ya shaba au alumini yanayotoa joto nje, likashikamana hata likawa kama kitambaa, nayo feni ikavuma kwa nguvu pasipo kupitisha hewa yoyote. Si nadra mtu kuipuliza feni, akaiona inang'aa, akaifunga mashine, na kitambaa kile kikabaki palepale, kwa kuwa hakionekani mpaka feni yenyewe iondolewe. Prosesa nyingi za mpakato hupunguza kasi zikikaribia nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi ili zijiokoe, na joto likizidi kupanda umeme hukatwa papo hapo. Basi mashine inayozima wakati wa kazi nzito, ikakataa kuwaka mpaka ipoe, imekwisha kujisemea yenyewe. Kwa upande wa umeme, njia iliyo yakini ni kuitumia mashine kwa betri peke yake, kisha kwa chaja peke yake kama betri yatoka, na kuutikisa taratibu mdomo wa chaja pale unapoingia, kwani ulehemu wa tundu lile hulegea kwa miaka ya kuvutwavutwa.

Kompyuta ya katibu haikuwa kimya. Sehemu ya BugcheckCode ilikuwa na namba, na namba zenyewe hazikuwa moja: katika tukio hili 26, katika jingine 80. Fundi asijaribu kuzitafuta hizo moja kwa moja katika orodha za makosa ya Windows, kwa maana daftari huziandika kwa kizio cha kumi, ilhali orodha huziandika kwa kizio cha kumi na sita. Ile 26 ni 1A, ambayo ni kosa katika usimamizi wa kumbukumbu; 80 ni 50, yaani mfumo uliomba ukurasa wa kumbukumbu ambao haukuwapo mahali pake. Kisha likazuiwa jambo la mashine kujiwasha, kwa kuiandika amri ya sysdm.cpl na kuondoa alama ya kujiwasha yenyewe katika sehemu ya kuwaka na kuokoa mfumo, ili skrini ya bluu isimame na kusomeka. Na faili ndogo za kuanguka, zihifadhiwazo katika folda ya Minidump ndani ya folda ya Windows, zikanakiliwa katika flashi na kusomwa kwa programu ya WinDbg. Kila faili ilitaja mhusika mwingine: mara draiva ya sauti, mara ya mtandao, mara kiini cha Windows chenyewe.

Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa ufunguo wa kadhia nzima, na ili kuifahamu yafaa kuilinganisha na anguko mashuhuri la tarehe 19 Julai 2024, ambapo faili moja yenye kasoro, iliyosambazwa na kampuni ya usalama ya CrowdStrike, iliziangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa na Microsoft kuwa milioni 8.5. Nazo zilionyesha namba 50. Illa kila moja ilimtaja mhusika yule yule, csagent.sys, na mafundi walipoziwasha katika hali ya usalama na kuifuta ile faili yenye kasoro, mashine zikasimama bila kupigwa Windows. Draiva mbaya hurudia jina lake. Majina yakibadilika kila mara, na namba nazo zikibadilika, dhana huelekea kwenye kitu kinachotumiwa na programu zote kwa pamoja, na hicho aghalabu ni RAM.

Hapo katibu aliulizwa tena kama kuna kitu kilichoongezwa, naye akakumbuka kwamba kijibao cha RAM cha GB 8, kilichokwisha kutumika kwingine, kilipachikwa kando ya kile cha asili cha GB 4. Mashine ikawashwa kwa flashi yenye MemTest86, ambayo huipima kumbukumbu nje ya Windows, ikaachwa usiku kucha. Kosa moja tu latosha kuonyesha kwamba pana hitilafu, kwani kumbukumbu iliyo nzima hairudishi kitu kisichokuwa kile kilichowekwa. Hapa yalitokea mengi. Vijibao vikatolewa, miguu yake ya dhahabu ikasafishwa kwa spiriti, kisha kila kimoja kikapimwa peke yake katika kila tundu. Kile cha asili kilipita katika matundu yote mawili. Cha pili kilishindwa kote, na hivyo tundu halikuwa na hatia wala ubao mama haukuwa nayo.

Kwa nini, basi, kupigwa Windows kulileta nafuu? Mfumo mpya, usio na programu nyingi, hutumia sehemu ndogo ya kumbukumbu, na yamkini vyumba vibovu vya RAM hukaa bila kuguswa; programu zinaporejeshwa na kazi ikazidi, mashine huvifikia, ikaanguka. Fundi wa kwanza alilipwa kwa kuahirisha tatizo, na daftari la matukio ambalo lingalimwelekeza njia likafutika pamoja na mfumo wa kale.

Kijibao kibovu kiliondolewa, na mashine ikaenda kwa GB 4, polepole lakini thabiti, mpaka kingine kikapatikana. Kazi haikuishia hapo, na hili ni jambo ambalo mafundi wengi hawalitaji kwa mteja: RAM mbovu haiangushi mashine tu, bali huweza pia kubadilisha kimyakimya tarakimu inayopita ndani yake kabla haijaandikwa katika diski. Amri ya sfc /scannow hukagua na kurekebisha faili za Windows; haijui lolote juu ya akiba ya mwanachama iliyopotoka kwa tarakimu moja. Kwa sababu hiyo katibu alishauriwa azichukue hesabu zote zilizoandikwa tangu kijibao kile kilipopachikwa, azilinganishe mstari kwa mstari na stakabadhi za karatasi, na nakala zilizohifadhiwa katika muda huo zisiaminiwe wala zisifutwe mpaka ulinganisho ukamilike.