Korona Haikuhitaji Namba

Kosa lililoigharimu zaidi tasnia ya mkonge ya Korogwe na Handeni katika suala la kuajiri lilifanyika mwaka 1944, pale Chama cha Wakulima wa Mkonge cha Tanganyika, ambacho kwa hakika kilikuwa chama cha wenye mashamba makubwa, kilipounda ofisi ya kuandikisha wafanyakazi iliyojulikana kwa jina la SILABU na kuipa jukumu la kusomba watu kutoka majimbo ya mbali. Ofisi hiyo ilipimwa kwa idadi ya watu iliowafikisha mashambani. Haikupewa jukumu la kumtafuta, kumfunza na kumbakiza mtu ambaye ubora wa zao zima ulipita mikononi mwake, yaani mlishaji wa korona, na kwa sababu hiyo uamuzi ule ulikuwa kosa tangu siku ya kwanza, wala tani zilizoongezeka baadaye hazikuufanya kuwa sahihi.

Waliokulia Ngombezi, Magunga, Hale au Mwelya hawahitaji kuambiwa korona ni nini, lakini inafaa kazi ya mlishaji ielezwe kwa utaratibu, kwa kuwa hoja yote imesimama juu yake. Korona ni mtambo wa kuchakata majani mabichi ya mkonge ili kutoa singa, yaani nyuzi ndefu zilizomo ndani ya jani. Matita ya majani yakishafika kiwandani kwa toroli hufunguliwa na kutandazwa juu ya meza ya kulishia, kisha majani huingia mtamboni kwa ubavu yakiwa yamebanwa na minyororo au kamba, yakapita kwenye ngoma ya kwanza ya chuma yenye visu butu vinavyoponda na kukwangua nyama ya jani upande mmoja, halafu yakashikwa upande uliokwisha kukwanguliwa ili ngoma ya pili imalizie uliobaki, huku maji mengi yakimiminwa kuosha. Singa ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi. Kinachobaki ni maji na makapi.

Ni katika meza hiyo ndipo faida ya shamba hupatikana au hupotea. Mlishaji akiyapanga majani kwa unene uliopita kiasi, visu haviyafikii yote na singa hutoka na ukijani. Akiacha mapengo, mtambo huzunguka bure na maji huenda na wakati. Akiyaingiza yakiwa yamepishana badala ya kulala sambamba, kamba hubana mahali pasipotakiwa na sehemu ya singa huchukuliwa na maji ya taka. Mwendesha mtambo aliye karibu naye husimamia nafasi iliyopo kati ya visu vya ngoma na bati linalopokea jani: nafasi hiyo ikibana, singa hukatika na kuishia kwenye makapi, na ikipanuka, singa hutoka chafu kwa uchafu ambao hauondolewi na jua la kuanikia wala mashine ya brashi, yaani ile inayochana na kung'arisha singa kavu kabla ya kufungwa robota. Zaidi ya hayo, jani halisubiri, kwa maana likilala siku mbili baada ya kukatwa huanza kukauka, na singa yake hushuka daraja. Kazi ya namna hii hujifunzwa kwa mkono, kwa jicho na kwa sikio, na mwenye kuijua hugundua kwa mlio wa ngoma kwamba kuna jambo haliendi sawa kabla singa haijatoka upande wa pili.

Sasa na uangaliwe uamuzi wenyewe. Mwaka 1942 Japani iliteka Ufilipino na Java, na nchi zilizokuwa zikipigana nayo zikapoteza sehemu kubwa ya nyuzi ngumu za kutengenezea kamba za meli, hata mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita, na serikali ya kikoloni ikafikia hatua ya kuwalazimisha watu kwa amri kwenda kufanya kazi mashambani. Kila mwenye shamba alijua kwamba amri hiyo ingekoma vita vikiisha. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kupandisha mshahara, kujenga nyumba za familia na kumfanya mfanyakazi wa kiwandani kuwa mtu wa kudumu. Ya pili ilikuwa kuunda chombo cha kuendelea kupata watu wengi kwa mshahara uleule mdogo, kwa kuwafuata walikokuwa hawana njia nyingine ya kupata fedha ya kodi. Wenye mashamba walichagua ya pili, wakaigharimia kwa mawakala, kambi za njiani, malori na nauli za reli, na kwa namna hiyo fedha ambayo ingeweza kulipwa kwa ujuzi ikalipwa kwa umbali.

Neno umbali halikuwekwa hapa kwa bahati. SILABU ilichota watu Buha, Songea, Iringa na hata Ruanda-Urundi, na thamani ya mtu wa Kigoma machoni mwa meneja wa Korogwe ilikuwa hasa kwamba kwao kulikuwa zaidi ya kilomita 1,000, hivyo asingeweza kuondoka mvua za kwanza zikinyesha akapalilie shamba lake. Mwandikishwaji huyo, aliyepata kuitwa manamba kwa sababu ya namba aliyopewa, alipimwa afya kabla ya kusafirishwa. Mapafu yalitazamwa na mwili ukakaguliwa, lakini hakuna aliyepima kama mtu huyo ana jicho la kupanga majani sambamba, au kama anaweza kusimama saa nyingi mbele ya mtambo bila kupoteza mwendo. Ukaguzi wa aina hiyo humfaa anayenunua ng'ombe wa plau.

Watetezi wa SILABU hujibu kwamba wengi wa manamba walipelekwa kukata majani na si kulisha korona, na jibu hilo ni la kweli kwa nusu yake. Nusu ya pili ni kwamba chombo pekee cha kuajiri kilichokuwa na fedha, ofisi na usafiri kilielekezwa kwenye panga la mkataji, na kiwanda kikaachiwa kujaziwa na waliobaki baada ya mikataba yao kwisha, waliojileta wenyewe langoni, au walioonekana na nyapara kuwa wanafaa. Mlishaji, kwa hiyo, aliajiriwa kwa mabaki.

Juu ya kosa hilo lilikuwepo jingine lililoimarishwa na utaratibu wa kipande, yaani kadi ya kazi ambayo mfanyakazi alijaziwa siku moja kwa kila siku aliyokamilisha kazi aliyopangiwa, akalipwa baada ya kutimiza siku 30, huku akiruhusiwa kuzitimiza ndani ya muda mrefu zaidi ya mwezi. Kwa mkataji utaratibu huu ulikuwa na mantiki, kwani jani ambalo halikukatwa Jumatatu laweza kukatwa Jumatano. Kwa korona ulikuwa balaa, kwa sababu meneja aliweka kwenye daftari majina mengi kuliko watu aliowahitaji ili awe na uhakika wa kuwapata wachache, na sura mpya zikawa zinajitokeza mbele ya meza ya kulishia mara kwa mara, kila moja ikianza kujifunza upya kwa hasara ya singa. Aidha, ngazi ya kazi ilipangwa kwa rangi ya ngozi: uhandisi ulikuwa wa Mzungu, ufundi kwa sehemu kubwa ulikuwa wa Mhindi, na Mwafrika aliyekuwa karibu zaidi na ngoma, ambaye sikio lake lilikuwa la kwanza kusikia hitilafu, hakuwa na mamlaka ya kusimamisha mtambo wala nafasi ya kupanda kuwa fundi. Ni vigumu kupata mfano bora wa kiwanda kumlipa mtu asitumie akili yake.

Handeni ndiyo inayoonyesha jinsi kosa hilo lilivyokuwa si la lazima. Wazigua waliishi jirani na mashamba, walikuja kufanya kazi kwa vipindi vifupi ili kupata fedha ya kodi, kisha wakarudi kulima mahindi, na kwa ajili hiyo wakabandikwa sifa ya uvivu na mabwana ambao hawakuona ajabu kwamba mtu mwenye ardhi hakubali kuiacha kwa ujira usiomtosha kununua chakula ambacho ardhi hiyo ingempa. Mtu wa Handeni alikuwa akifanya hesabu sahihi. Angepewa mshahara wa mwezi, nyumba ya kuishi na mkewe na njia ya kupanda kutoka ulishaji hadi ufundi, hesabu ingebadilika, na Korogwe ingepata waendesha mitambo kutoka wilaya ya jirani bila kuhitaji garimoshi la Kigoma. Jirani alidharauliwa kwa sababu alikuwa na uwezo wa kukataa.

Ushahidi ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ulikuja kwa nguvu ya watu ambao tasnia ilizoea kuwaona kama wakorofi. Wafanyakazi wa Mazinde waligoma mwaka 1958 kwa ajili ya haki ya kuwakilishwa na chama chao wenyewe, na Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, aliupeleka mgogoro wa mishahara mbele kiasi cha kupelekwa Sumbawanga kwa amri ya serikali mwaka 1963. Bodi ya kima cha chini cha mshahara iliyoongozwa na Donald Chesworth ilikuwa imekwisha kutoa mapendekezo yake mwaka 1962. Mshahara ulipopanda, wenye mashamba walilazimika kufanya walichokikwepa mwaka 1944, yaani kupunguza watu na kuwabakiza wa kudumu. Idadi ya wafanyakazi, iliyokuwa zaidi ya 100,000, ilishuka upesi, lakini uzalishaji haukushuka nayo. Mwaka 1964 ulifikia kilele cha karibu tani 230,000. Kundi kubwa lile halikuwa hitaji la korona. Mkello aliielewa ajira ya kiwandani kuliko mameneja waliomwogopa, na tangu hapo haijapata kutokea sauti ya wafanyakazi wa mkonge yenye uzito wa sauti yake.

Haki itendeke: chama hichohicho cha wenye mashamba kiligharimia kituo cha utafiti wa mkonge cha Mlingano, na mkonge chotara nambari 11648, uliotokana na kazi ya watafiti wa kituo cha Amani, ndio namba pekee ya tasnia hii iliyopewa heshima iliyostahili.

Simulizi ya kawaida husema kwamba mkonge uliuawa na nailoni, kisha ukazikwa na utaifishaji wa mwaka 1967. Bei zilianguka kweli, na shirika la umma lililorithi mashamba lilikuwa na makosa yake mengi, lakini simulizi hiyo imewapa nafuu mno watu wa kabla yake, kwani tasnia iliyotaifishwa ilikuwa imezoea kwa zaidi ya miaka 20 kuamini kwamba mtu wa kiwandani hupatikana wakati wowote na kwamba kitu adimu ni mashine. Imani hiyo ilivuka utaifishaji salama, ikavuka na ubinafsishaji wa mwaka 1998.

Ingali hai. Serikali ilipoweka lengo la kuzalisha tani 120,000 ifikapo mwaka 2025, mjadala ulitawaliwa na hekta, miche na idadi ya korona, ilhali swali la nani atakayesimama mbele ya meza ya kulishia lilisikika kwa nadra. Mazoea ya kumwajiri mwendesha mtambo kama kibarua wa siku, ambaye watu humwita deiwaka, ni kipande kilichovaa shati jipya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 14 kama kilivyotungwa, ilitambua mkataba wa muda usiojulikana, mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu na viongozi, na mkataba wa kazi mahsusi. Mlishaji wa korona hakuwa kiongozi, wala kazi yake haikuwa ya kumalizika jioni. Marekebisho ya mwaka 2025 yamepanua mlango wa mikataba ya muda maalumu, na inahofiwa kwamba mlango huo utapitiwa kwanza na wale ambao hawakuhitaji kupanuliwa chochote. Kifungu cha 35 cha sheria hiyohiyo kinamnyima kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri mmoja, na mwajiri anayemzungusha mtu ndani ya muda huo hupoteza mlishaji kila anapoanza kumudu kazi.

Utaratibu unaofaa si mgumu. Mwombaji asimamishwe mbele ya korona inayofanya kazi, chini ya mlishaji mzoefu, na apimwe kwa singa inayotoka na kwa kiasi cha singa kilichomo kwenye makapi, si kwa cheti peke yake wala kwa barua ya mwenyekiti wa kijiji. Wale waliojifunza kazi hiyo bila kupita darasani wapelekwe VETA, ambayo ina mpango wa urasimishaji wa ujuzi, yaani kumpima na kumtambua kwa cheti mtu aliyejifunza kazini. Aliyefaulu apewe mamlaka ya kusimamisha mtambo anaposikia hitilafu, na mamlaka hayo yaandikwe kwenye mkataba wake.

Vyama vya ushirika vya wakulima wa mkonge vya Korogwe, pamoja na wakulima wa Handeni wanaofikiria kununua mitambo yao, waombwe jambo moja: katika bajeti ileile ya kununulia korona, kabla ya kulipa hata malipo ya awali ya mashine, waweke mshahara wa miaka 2 wa mlishaji na msaidizi wake, na fedha hiyo isihamishiwe kwenye kifungu kingine.