Kuijua Kawaida ya Mtu

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kwa mkazi wa nyumba ya kutunzia wazee mvua huweza kunyesha anga likiwa jeupe. Sepsisi, hali ambayo mwili unaopambana na maambukizi hugeuka na kuvidhuru viungo vyake wenyewe, humjia mzee pengine bila homa wala kutetemeka. Joto lake huweza hata kushuka. Kwa hiyo anayeigundua kwanza mara nyingi ni mhudumu aliyemwogesha jana na juzi, ambaye asubuhi hii ameona chai yake haijaguswa.

Katika nyumba za wazee za Uingereza, ambako wahudumu kutoka Afrika Mashariki nao wamo, ustadi huu huanza kwa mambo yasiyopimika: mtu amelala kuliko ilivyo desturi yake, anayumba akitembea, amekojoa kidogo. Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau, kuchanganyikiwa pekee si habari. Habari ni kwamba msemaji amenyamaza, au mpole ameanza kupiga kelele. Hakuna kifaa cha kulipima hilo. Linahitaji mtu aliyemzoea, na asiyeona haya kusema, "Leo huyu si yule wa jana."

Kisha vipimo. Kigumu kuliko vyote ni kile kisichohitaji kifaa: kuhesabu pumzi. Mhudumu hodari hushika kifundo cha mkono kana kwamba anahesabu mapigo, huku macho yake yakifuata kifua kwa dakika nzima, kwa sababu mtu akijua anahesabiwa pumzi hubadili namna ya kupumua. Kwa mwenye ngozi nyeusi, weupe au ubuluu atautafuta midomoni, kwenye ulimi, viganjani na nyayoni.

Tarakimu za vipimo huingia katika mfumo wa alama uitwao NEWS2, uliotolewa na Royal College of Physicians ya London mwaka 2012 na kuboreshwa 2017. Tuchukue mfano wa bibi mwenye mpira wa mkojo. Mapigo ni 88, oksijeni asilimia 96: hapo hakuna alama hata moja, na mapigo yenyewe yanapunguzwa na dawa yake ya moyo. Lakini anapumua mara 26 kwa dakika, alama 3. Amechanganyikiwa upya, alama 3. Presha ya juu ni 98, alama 2. Joto ni 35.8, alama 1. Jumla 9, na kuanzia 7 ni dharura. Aliyetazama mapigo tu angemwacha alale.

Ustadi wa tatu ni wa simu. Wahudumu hufundishwa mpangilio uliozaliwa katika nyambizi za jeshi la majini la Marekani: hali ilivyo sasa, historia fupi, tathmini, ombi. "Naona amedhoofika" humwachia msikilizaji kazi ya kukisia. "Alama zake ni 9, ana mpira wa mkojo, nadhani ni sepsisi, naomba gari la wagonjwa" humwinua kitini. Hospitalini, mgonjwa wa hatari kubwa namna hii anatakiwa kupata antibayotiki ndani ya saa moja. Wakati gari likingojewa, orodha ya dawa na mizio hutayarishwa, pamoja na karatasi ya matakwa yake, kwani wapo wazee waliokwisha kusema kwamba hawataki tena kupelekwa hospitalini, nao watahudumiwa na kutulizwa maumivu pale pale.

Ustadi huu una kujizuia pia. Wazee wengi wana bakteria kwenye mkojo bila kuugua. Mkojo wenye harufu kali pekee si sababu ya kukimbilia antibayotiki, maana dawa zinazotolewa ovyo huzalisha vijidudu sugu vitakavyoizidi nguvu tiba siku ya hatari yenyewe.

Na aliyepona mara nyingi hurudi akiwa mdhaifu zaidi, au mzito wa kukumbuka. Daftari la zamani halimfai tena. Mhudumu huanza upya kumsoma: anakula kiasi gani, anaamka saa ngapi, anapumua vipi akiwa ametulia. Aliyewahi kuugua sepsisi yuko katika hatari zaidi ya kuipata tena, na tahadhari ijayo itapimwa kwa kawaida hii mpya.