Paa la msonge na hewa iliyonaswa

Nyumba ya msonge, iliyotapakaa zamani katika vijiji vya Usukumani, pande za Mkula na Bariadi, ni ukuta wa duara uliofunikwa kwa paa lenye umbo la pia. Miti huchimbiwa kwa mviringo, huzungushiwa fito, hufungwa kwa kamba za magome, kisha hukandikwa udongo. Juu, miti ya paa hukutana kileleni, na pete za fito huizunguka kuanzia upenuni.

Pete hizo ndizo zenye kazi. Uzito wa nyasi hutaka kutawanya miguu ya paa nje; pete huibana, kama kamba inavyobana mzigo wa kuni. Ndiyo maana boriti nene hazihitajiki. Kiota cha kwera nacho ni hivyo hivyo: jani moja halibebi kinda, lakini yaliyosukwa pamoja humbeba na upepo ukivuma.

Nyasi huezekwa kwa unene wa karibu shubiri moja, kwa mwinamo wa nyuzi 45 au zaidi, ili maji yateremke kabla hayajapenya. Ndani ya mabua na katikati yake hunaswa hewa isiyozunguka, na hewa ya namna hiyo hupitisha joto kwa shida. Nyasi ni chombo tu. Kinachozuia jua ni hewa.

Bati la geji 30 nalo ni jepesi, tena kwa mita ya mraba ni jepesi kuliko nyasi, lakini unene wake haufikii nusu milimita. Saa nane mchana huwa kikaango. Usiku wa anga safi hupoa upesi hata matone hudondoka ndani. Wepesi peke yake, basi, haupozi nyumba. Hata hivyo bati haliungui kirahisi, hudumu miaka mingi na hukinga maji ya mvua, jambo lisilo dogo mkoani Simiyu.

Wakitafuta mfano wa jengo linalojipoza lenyewe, wasanifu wengi hukimbilia kichuguu. Jengo la Eastgate mjini Harare, lililosanifiwa na Mick Pearce kwa kuiga kichuguu na kukamilika mwaka 1996, hupozwa kwa hewa ya usiku inayopitishwa kwenye zege nzito. Iliaminika kuwa hewa moto hupanda ndani ya kichuguu kama moshi kwenye dohani. Mwaka 2008, watafiti Scott Turner na Rupert Soar walieleza kwamba kichuguu hupumua zaidi kama pafu, kwa msukumo wa upepo unaobadilika, na kwamba joto la kiota hufuata la ardhi. Mchwa walieleweka vibaya, jengo likafanya kazi vizuri.

Kwa nyumba ya bati, tiba iliyo karibu ni kuirudisha ile hewa iliyonaswa na nyasi: dari ya mikeka au mabua iliyoachana na bati, na matundu chini ya upenu ya kutolea joto. Msonge wenyewe ulikuwa na msaidizi mwingine, moshi wa jiko la ndani, uliopenya nyasi ukizikausha na kufukuza wadudu. Jiko likihamishiwa nje, wapikaji hupumua vizuri na paa huoza mapema.