Kitabu Chepesi Kwanza

Mwalimu wa Kiingereza wa sekondari huko Kibumba, mashariki mwa Kongo, akilalamika kwamba wanafunzi wake hawasomi bila kusukumwa, aangalie kwanza anachowapa wasome. Kiswahili wanakisikia sokoni, hesabu wanafundishwa kwa Kifaransa, na Kiingereza huwafikia kama somo tu. Mwaka 2000 watafiti Hu na Nation walionyesha kwamba msomaji huhitaji kujua takriban maneno 98 katika kila 100 ili afuate hadithi bila msaada. Mwanafunzi anayekutana na maneno mageni 15 katika 100 akakifunga kitabu, ametumia akili, tusimwite mvivu.

Tanzania ililiona tatizo hilo mapema. Criper na Dodd walipopima Kiingereza cha wanafunzi mwaka 1984, walikuta wengi hawawezi kusoma hata vitabu vya masomo yao. Sehemu ya tiba, kuanzia 1987 kwa fedha za Uingereza, ilikuwa kupeleka sekondari hadithi zilizorahisishwa kwa ngazi. Ushahidi ulio wazi zaidi, hata hivyo, unatoka vijijini Fiji. Kuanzia 1980 watafiti Elley na Mangubhai waliyapa madarasa vitabu 250 vya hadithi kila moja. Baadhi ya watoto walisomewa na mwalimu wakijadiliana naye, wengine walisoma kimya, dakika 20 hadi 30 kwa siku. Baada ya miezi 8 makundi yote mawili yalikuwa yamepiga hatua katika kusoma kwa kasi ya karibu mara mbili ya wenzao waliobaki na mazoezi ya sentensi.

Atakayesema Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, hauulizi hadithi ajue kwamba huko Fiji mwaka wa pili faida ile ilienea hadi stadi nyingine za lugha. Pingamizi la vita ni zito zaidi: mwishoni mwa 2022 familia za Kibumba zilikimbilia kambi ya Kanyaruchinya karibu na Goma, na kabati la vitabu halibebeki mgongoni. Vijitabu hubebeka. African Storybook, maktaba ya mtandaoni, hutoa bure hadithi fupi za Kiingereza na Kiswahili, na inaruhusu yeyote kuzichapa na kuzinakili. Kasoro yake ni kwamba nyingi ni za watoto wadogo, na kijana wa miaka 16 huona anadharauliwa. Apewe kazi ya kuandaa hadithi ya kuwasomea wadogo zake, aibu itapungua.

Jambo moja walimu waliache kabisa: kutoa maswali ya alama kila kitabu kinapomalizika. Dakika 20 za somo ziwe za kusoma tu, na mwalimu naye ashike kitabu chake.