Hongereni, Madereva wa Mvuke

Garimoshi halina usukani, lakini kuliendesha kulitaka sikio, jicho na subira. Ndiyo maana nawavulia kofia madereva wa mvuke wa reli ya Mombasa hadi Nairobi. Kazi hiyo haikuanzia kwenye kiti cha dereva. Kijana alianza na tambara mkononi, akisugua masizi na mafuta. Akapanda kuwa mchochea moto. Ndipo, baada ya miaka, akakabidhiwa wenzo wa mvuke.

Na mashine zenyewe hazikuwa za mchezo. Injini za aina ya Garratt, daraja la 59, zilizoundwa Manchester kuanzia 1955, zilikuwa 34, kila moja na uzito wa tani 252 hivi na jina la mlima. Zilipanda kutoka pwani hadi zaidi ya mita 1,600. Njia nzima jicho lilirudi kwenye kioo chembamba cha kupimia maji, kwani maji yakipungua mno, boila huweza kulipuka.

Leo mojawapo, Mount Gelai, imetulia kwenye Makumbusho ya Reli, Nairobi. Wazee wetu, mlibeba mizigo na roho za watu mkazifikisha salama.