Nyumba ya Enzi za Victoria: Kuitambua Kazi ya Fundi Chini ya Rangi Mpya

Nyumba ikishapakwa rangi nyeupe, ikawekwa taa za darini na jiko jipya lenye meza ya mawe katikati, wanunuzi wengi humaliza ukaguzi palepale jikoni. Dalali analijua hilo, ndiyo maana hupenda kumpeleka mgeni huko kwanza. Mimi jiko hulitazama mwisho kabisa. Likiwa baya, hung'olewa likawekwa jingine. Ukuta ulioharibiwa hauna dawa ya haraka namna hiyo.

Nyumba ninazozungumzia ni zile za London zilizoungana ukuta kwa ukuta, mtaa mzima, katika vitongoji kama Walthamstow, Peckham na Tooting. Nyingi zilijengwa katika miongo ya mwisho ya utawala wa Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901, wakati reli ilipowawezesha makarani na mafundi kuishi mbali na kazini. Wajenzi wadogo walizijenga kwa mkupuo ili waziuze au wazipangishe, lakini walifuata mfumo uliofanya kazi: ukuta mnene wa matofali wa karibu sentimita 23 usio na uwazi katikati, chokaa ya kuunganishia, sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi, na paa la vigae vya mawe meusi kutoka Wales. Mvua huingia kidogo ukutani, kisha hutoka kupitia chokaa jua na upepo vikija. Ardhi ikisogea, chokaa huinama nayo bila kukatika. Ukarabati mzuri ni ule ulioacha mfumo huu uendelee kufanya kazi. Hicho ndicho kipimo changu, na mengine yote nayapima kwa hicho.

Kwa hiyo anzia nje. Sogea mpaka uso wako ukaribie ukuta. Matofali ya London ya wakati ule ni ya manjano iliyofifia, yenye vidoa vyeusi vya majivu yaliyochanganywa na udongo kabla ya kuchomwa. Katika kozi moja utaona tofali limelala kwa urefu, linalofuata limeonyesha kichwa, hivyo hivyo mpaka pembeni. Mpangilio huo ni dalili kwamba ukuta ni mnene na hauna uwazi ndani. Sasa tazama jointi. Chokaa nzuri ina rangi ya maziwa au ya mchanga, punje za mchanga zinaonekana, na ukiikwaruza kwa ukucha hutoa unga kidogo. Saruji ni ya kijivu, ngumu, tena mara nyingi imepakwa mpaka ikapanda juu ya kingo za matofali. Ukiiona, hamishia macho kwenye tofali lenyewe. Pengine uso wake umeanza kubanduka, tofali limeliwa kwa ndani na jointi imebaki imechomoza peke yake. Maji yaliyonyimwa njia kwenye jointi yamepita kwenye tofali, yakaganda majira ya baridi, yakalipasua. Kuing'oa saruji hiyo ni kazi chungu, kwa sababu hung'oka na kingo za tofali.

Msomaji wa Unguja au Lamu hahitaji maelezo marefu hapa. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na aliyewahi kuona lipu ya saruji ikivimba na kudondoka mapande kwenye kuta hizo ameuona ugonjwa huu huu.

Kabla hujaingia, vuka barabara utazame paa. Faida ya nyumba zilizoungana ni kwamba jirani ndiye kipimo. Kama majirani wana mawe ya Wales na hii ina vigae vya zege, fahamu kwamba kenchi zilizokusudiwa kubeba mzigo mwepesi sasa zimebebeshwa mzito. Mgongo wa paa ukiwa umebonyea katikati, kenchi zimeshalemewa. Fundi mwenye akili huziongezea nguvu kwanza, ndipo apandishe vigae.

Halafu kuna udongo. Sehemu kubwa ya London imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Ukame wa 1976 ulipasua nyumba nyingi. Ufa mwembamba kama unywele ni uzee tu. Ufa unaopanda mshazari kutoka pembe ya dirisha, mpana juu kuliko chini, hasa pale dirisha kubwa la mbele lililochomoza linapokutana na ukuta mkuu, huo uulizie. Kama kuna mti mkubwa karibu, uliza mara mbili. Rangi mpya kwenye pembe hiyo peke yake, wakati ukuta mwingine haujaguswa, nayo inasema kitu.

Chini karibu na ardhi tafuta matofali yenye matundu. Hayo ndiyo mapua ya sakafu: hewa hupita humo ikakausha mbao za chini. Mwenye nyumba akimwaga zege uani ili apate pa kuweka viti, mara nyingi hufukia matundu hayo, na boriti za sakafu huanza kuoza bila mtu kujua. Ardhi ya nje inapaswa kuwa angalau milimita 150 chini ya tabaka la kuzuia unyevu. Ukikuta safu ya vitobo vilivyozibwa kwenye matofali ya chini, mtu alipiga sindano ya dawa ya unyevu. Muulize kama alitengeneza pia mfereji wa paa uliokuwa ukivuja, maana mara nyingi unyevu ulitoka huko.

Dirisha la fremu mbili zinazopanda na kushuka ndilo ninalolipenda kuliko vyote. Kodi ya vioo ilifutwa 1845 na kodi ya madirisha 1851, na baada ya hapo vioo vikawa vikubwa. Fremu ya juu ikaongezewa vipembe vidogo chini yake ili ibebe uzito huo. Inua fremu ya chini kwa vidole viwili, uiache katikati. Ikibaki pale ulipoiacha, kamba, kapi na vyuma vya uzani vilivyofichwa ndani ya fremu viko sawa. Ikishuka yenyewe, huenda fundi aliweka vioo viwili vizito bila kuongeza uzani. Kazi nzuri ya useremala hukata sehemu iliyooza tu na kuunga mbao mpya. Ukipitisha kidole utauhisi muungo, lakini maji hayatauona.

Ndani, inua macho ufuate urembo wa lipu unaozunguka dari. Ukizunguka chumba chote bila kukatika, chumba hicho ni kizima kama kilivyojengwa. Urembo ukiingia ukutani ghafla, chumba kiligawanywa. Majani na maua yake yakiwa na kingo kali, kuna mtu alivumilia kukwangua tabaka kwa tabaka za rangi ya zamani. Hiyo ni kazi ya siku nyingi ambayo picha za tangazo haziionyeshi, na mimi huiheshimu kuliko marumaru yoyote ya bafuni. Vigae vya rangi vya ukumbini navyo, vya aina iliyopata sifa kwa kiwanda cha Minton cha Stoke-on-Trent, ni bora vikiwa na nyufa mbili tatu kuliko vilivyong'olewa vikawekwa vya plastiki.

Kisha hesabu dohani. Moja likiwa limebomolewa sebuleni ili kupata nafasi, panda chumbani na darini uone sehemu ya juu imebebwa na nini. Ni tani za matofali. Vivyo hivyo ukuta kati ya vyumba viwili vya mbele na nyuma: ukiwa umeondolewa, chumba cha juu yake ndicho kitakachosema ukweli. Milango yake ifunge na uifungue. Mlango unaokwama au kizingiti kilichoinama ni mashaka.

Mwisho, makaratasi. Taka cheti cha halmashauri cha kukamilika kwa ujenzi kwa kila boriti ya chuma na kila chumba kilichoongezwa darini, cheti cha umeme, na makubaliano na majirani chini ya sheria ya 1996 ya kuta za pamoja pale ukuta wao ulipoguswa. Kisha mlipe mkaguzi wako mwenyewe, anayezijua nyumba za chokaa, umwombe afike siku ya mvua, mifereji ikiwa kazini.