Herufi Ilipokaa

Agosti 2024, jezi ya kijivu aliyoivaa Babe Ruth wa timu ya besiboli ya New York Yankees iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 24.12. Mwaka 2005 jezi hiyo hiyo ilikuwa imeuzwa kwa dola 940,000. Hakuna uzi ulioongezwa, na Ruth alikuwa amefariki tangu 1948. Soko lilipanda, ni kweli, lakini zaidi ya yote jezi ilipata wasomaji.

Itazame kifuani. Safu ya vifungo inashuka katikati na kulikata jina NEW YORK vipande viwili. Zama zile herufi zilishonwa moja moja juu ya kitambaa, na mkono wa fundi haurudii kazi yake sawasawa: hapa herufi imesogelea kifungo, pale imeinama kidogo. Wataalamu huweka picha za siku ya mchezo kando ya jezi, na kulinganisha mkao huo herufi kwa herufi. Kwa njia ya picha jezi hii ilithibitishwa kuwa ndiyo ya Oktoba 1, 1932, uwanja wa Wrigley, Chicago, siku Ruth aliponyoosha mkono, kisha akaupiga mpira aliorushiwa na Charlie Root ukatokomea nje ya uwanja. Je, alikuwa akionyesha utakapoangukia, au akiwajibu wachezaji wa timu pinzani ya Cubs waliokuwa wakimzomea? Watu wanabishana hadi leo. Jezi haiamui. Inathibitisha kwamba mwili ulikuwa ndani yake, basi, na hadithi inaachwa wazi. Naona nguvu yake iko hapo.

Mpira ni kinyume chake. Una mishono miwili miwili 108 ya uzi mwekundu, na kazi ya kiwanda ni kuhakikisha hautofautiani na mwenzake. Mwaka 1998, mchezaji Mark McGwire alipoikaribia rekodi ya mapigo ya nje ya uwanja kwa msimu mmoja, mipira aliyorushiwa ilibidi itiwe alama za siri ili ije itambulike. Ule wa pigo lake la 70 mchora vibonzo Todd McFarlane aliununua kwa takriban dola milioni 3. Mwaka 2001 Barry Bonds akafikisha 73, na mpira huo McFarlane huyo huyo akaupata kwa dola 450,000 tu. Mwaka 2010 McGwire akakiri kutumia dawa za steroidi. Mpira wake ulitegemea namba na jina, na vyote viwili vilipoporomoka, ngozi yake nyeupe haikuwa na la kujitetea.

Kibaya zaidi ni kilichofanywa na kampuni ya kadi ya Donruss mwaka 2003: ilinunua jezi nyingine ya Ruth na kuikatakata vipande vya kubandika kwenye kadi. Kipande peke yake hakibaki na mkao wa kulinganisha na picha. Ushahidi umeishia kwenye mkasi.

Mpira wa pigo la 756 la Bonds, lililoipita rekodi ya Hank Aaron ya maisha yote ya uchezaji, ulinunuliwa mwaka 2007 na mbunifu wa mavazi Marc Ecko kwa dola 752,467. Aliitisha kura mtandaoni. Chaguo lililoongoza likawa utiwe kinyota, alama ya rekodi yenye shaka. Kikachongwa kwenye ngozi, na mwaka 2008 mpira ukapokewa na makumbusho ya besiboli ya Cooperstown. Wapo wanaosema Ecko aliuharibu. Mimi nasema aliupa maandishi ambayo mchezo haukuupa, na atakayetaka kujua Wamarekani walimwonaje Bonds mwaka ule ataanzia kwenye tundu hilo lenye umbo la nyota.